TUONGEZE MEMORI AU TUNUNUE KOMPYUTA NYINGINE?



Katika mkutano wa tawi ujao litaletwa mbele yenu jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni kompyuta ya mezani iliyo katika ofisi yetu hapa Voi. Imekuwa nzito sana. Mwanachama hutoka Taveta au Wundanyi kwa matatu, kwa nauli yake mwenyewe, aje kuandikiwa barua ya rufani. Naye hukaa kitini muda mrefu akitazama kioo kisichosogea. Rufani ina siku zake. Siku zikipita, mwenye haki aweza kuikosa haki yake.

Wako wasemao, "Itupwe, tununue mpya." Wako wasemao, "Iongezwe memori, itakwenda." Fedha zitakazotumika ni ada zenu, na kila shilingi imekatwa katika mshahara wa mtu aliyefanya kazi juani. Basi haifai tupige kura kabla ya kulielewa jambo lenyewe.

Memori ni nini? Sisi watu wa reli tutaelewa upesi. Diski ya kompyuta ni kama ghala la mizigo: kilichowekwa humo hukaa hata umeme ukizimwa. Memori ni kama njia za kando za stesheni, ambapo mabehewa husimama yakishughulikiwa. Njia zikitosha, kazi huenda. Zikiwa chache, kila behewa linaloingia hulazimu jingine liondolewe, mzigo wake urudishwe ghalani, kisha baadaye uletwe tena. Injini yahangaika mchana kutwa kupanga mabehewa, na safari haianzi. Ndivyo ilivyo kompyuta ambayo memori yake imejaa: huanza kuitumia diski mahali pa memori, na diski ni ya polepole mno kwa kazi hiyo.

Lakini njia za kando zikiwa nusu tupu, kuongeza nyingine hakutaharakisha gari moshi hata dakika moja. Kwa hiyo ni lazima kupima kwanza. Karani wetu alifungua kazi zote za siku ya kawaida, yaani rejista ya wanachama, barua, na kurasa tatu za intaneti. Kisha akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akatazama hesabu. Mashine yetu ina gigabaiti 4 za memori, nazo zilikuwa karibu kujaa zote, na diski ikifanya kazi bila kupumzika. Wale wasemao memori haitoshi wamesema kweli.

Hata hivyo, si kila memori yafaa. Hapa Voi tuna reli mbili. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000. Ile ambayo Madaraka Express ilianza kupita mwaka 2017 ina milimita 1,435. Behewa la hii haliwezi kupita katika ile, hata likiwa zuri namna gani. Memori nazo ni hivyo hivyo. Kompyuta yetu hutumia aina ya DDR3, yenye pini 240. Aina ya DDR4 ina pini 288 na pengo lake liko mahali pengine. Haiingii, na mwenye kuilazimisha ataivunja. Ile ya kompyuta ndogo ya kubeba nayo ni fupi, haifai mashine ya mezani. Tena yafaa kujua kama mfumo ni wa biti 64, maana Windows ya biti 32 haivuki gigabaiti 4 hata ukiongeza mara mbili. Wetu ni wa biti 64.

Sasa tuseme lile ambalo memori haitaliponya. Mashine yetu yatumia Windows 10, na Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hutaka prosesa mpya zaidi na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine yetu haina. Hata tukiijaza memori pomoni, mlango huo hautafunguka. Njia iliyobaki ni mfumo wa bure kama Linux Mint, ambao gigabaiti 4 huutosha na 8 ni raha. Barua na rejista zaweza kuandikwa humo kwa LibreOffice, nayo ni bure.

Na bei je? Tangu mwisho wa mwaka 2025 bei za memori zimepanda sana duniani, kwa sababu viwanda vikubwa vimeelekeza nguvu zao kwenye mashine za akili bandia. Anayenunua kompyuta mpya hulipia ongezeko hilo. DDR3 ni ya zamani, na nyingi hupatikana zikiwa zimetumika. Basi inunuliwe kwa fundi atakayekubali kuirudisha ikiwa mbovu.

Shauri letu ni hili. Tuongeze gigabaiti 4 ziwe 8, na diski ya zamani inayozunguka tuibadilishe kwa SSD, maana hiyo ndiyo huondoa uzito mwingi zaidi. Tuweke Linux, na karani apewe majuma mawili ya kujifunza. Bei ziulizwe kwa mafundi watatu, na ziandikwe ubaoni kila mtu azione. Lakini gharama yote ikizidi nusu ya bei ya kompyuta nzuri iliyotumika, tuache. Hapo kutia fedha ni kushona kiraka kipya juu ya nguo iliyokwisha kuoza.

Neno moja haliwezi kungoja kura. Kabla ya fundi kufungua mashine, rejista ya wanachama inakiliwe mahali pawili, na nakala moja isikae ofisini. Memori hununuliwa, majina na michango ya watu haiuzwi dukani. Kisha umeme uchomolewe, vumbi jekundu lipulizwe, na fundi aguse chuma kwanza ndipo ashike memori, kwa kuwa umeme mdogo wa mkononi waweza kuiua.

Njoni mkutanoni ninyi wa Mwatate, Maungu na Taveta. Ulizeni yote, kwani kuuliza si ujinga. Kisha amueni, maana fedha ni zenu na ofisi ni yenu.