Betri Nzima, Dereva Kaachishwa Kazi

Haya wadau, leo siandiki habari za wabunge. Leo nina ugomvi na mafundi wetu wa magari, na nikimalizana nao nina ugomvi na sisi wasomi. Nivumilieni.

Nilikuwa Kasulu kikazi, nikakodi Probox moja kuukuu inipeleke Kibondo. Alfajiri, na baridi ya ule mwinuko mwezi wa saba wanaijua waliolala huko, dereva akapiga stata: tak! Kimya. Akarudia: tak! Wakati huo taa za mbele zinawaka vizuri kabisa, na hata anapopiga stata hazififii. Fundi akaitwa. Hata boneti hajafungua, hukumu ikatoka: "Betri imekufa hiyo, bosi."

Ikanunuliwa mpya. Gari likawaka siku mbili, likagoma. Sasa ikawa zamu ya stata. Ikanunuliwa ya mtumba, nayo ikafanya kazi siku chache, ikagoma. Mwenye gari akapiga hesabu zake akaona mchawi ni dereva, eti anauza spea nzima na kurudisha mbovu. Kijana akanyang'anywa funguo pale pale, mbele za watu.

Aliyemaliza utata ni mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya chakula cha wakimbizi kwenda Nyarugusu. Aliomba mtu apige stata mara tatu, halafu akagusa ule waya mnene wa hasi pale unapofungwa kwenye injini. Wa moto! Akaufungua. Chini yake kutu na lile vumbi jekundu ambalo barabara ya Kasulu hadi Nyakanazi ililisha magari miaka na miaka kabla lami haijaanza kusogea. Msasa, spana, dakika kumi. Gari likawaka.

Sasa nyie mliofaulu fizikia, kanuni ya Ohm si tuliikariri kidato cha tatu? Stata ya gari dogo inaweza kutaka ampea 150. Weka kwenye kiungo kile ukinzani wa ohm 0.05 tu, kitu ambacho hata hukioni kwa macho. Zidisha. Unapata volti 7.5, katika betri ya volti 12! Umeme wote unaishia kwenye kutu, stata inabaki na makombo, ndiyo ile tak. Taa zenyewe zinataka kama ampea 10, tena zinapitia waya wa bodi, si wa injini. Kwa hiyo taa kutofifia kulikuwa kunapiga kelele kwamba betri haina kosa. Ingekuwa betri imeishiwa, taa zingezimika kabisa au stata ingelia tak-tak-tak-tak mfululizo.

Multimita ya bei chee inaonyesha haya yote. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikiwaka na alteneta ikachaji, inapanda mpaka 14 na ushee. Ikibaki 12 injini ikiwa inanguruma, mtafute alteneta, umwache mzee betri apumzike.

Kwenye dizeli ndiyo balaa zaidi. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, zile zilizojaa Kibondo enzi za mashirika, inazunguka vizuri lakini haiwaki. Fundi anasema pampu! Pampu, jamani, bei yake ni ng'ombe kadhaa. Hajaangalia kama mfumo umevuta hewa, hajabonyeza ile pampu ya mkono juu ya chujio, hajapima kama kuna umeme kwenye kile kiwaya kinachofungulia dizeli. Kiwaya kikiliwa na panya, injini itazunguka mpaka Krismasi.

Najua mtasema mafundi hawakusoma. Mbona mjini wenye mashine za kusoma kodi wanafanya yale yale? Kodi P0335 ikitokea, wananunua sensa ya kranki papo hapo. Kodi ile inalalamikia saketi nzima, yaani sensa, waya na soketi. Mashine imesoma, anayetakiwa kufikiri bado yupo kijiweni.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na sisi unapoanza. Fundi akikaa saa nzima anapima, akakuta kutu, ukampa shilingi ngapi? Utamwambia "si umekaza nati tu?" Utampa ya soda. Lakini akikuuzia betri, cha juu kipo, na unamshukuru! Tumewafundisha wenyewe kwamba kufikiri hakulipi. Halafu tunawaita wezi.

Yule mzee wa Kasulu nilimwona akipewa elfu mbili.

Mwenye gari nilimfuata dukani nikamweleza yote, kanuni ya Ohm na kila kitu. Akanisikiliza kwa adabu, akasema dereva mpya ameshazoea gari, hawezi kubadilisha tena. Ile betri "iliyokufa" ilikuwa chini ya kaunta, inawasha taa na redio.