MCHAWI WA MIGOMBA NI PANGA LETU

Ndugu Wanaushirika,

Migomba ya uani ikinyauka, bibi kizee jirani anasingiziwa uchawi. Tunakataa! Huo ni mnyauko wa bakteria: Uganda ulionekana mwaka 2001, Kagera 2006, na mkoa wetu wa Mara haukusalimika. Pasua ndizi, ndani ni kahawia. Kata shina, latoka usaha wa njano.

Dawa ya kuuponya hakuna. Tunaueneza wenyewe kwa kuazimana panga bila kulipitisha motoni. Hata sisi viongozi tumefanya hivyo, aibu yetu.

Sasa basi: shina gonjwa likatwe chini kabisa, panga lichomwe, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, miche ya shamba lenye ugonjwa isigawiwe.

Anayemtafuta mchawi aanze na panga lake.

Katibu