Macho Makubwa Si Kesi, Acheni Kupima Watu Tezi kwa Komenti

Kuna msanii mmoja wa kike wa Bongo Fleva, jina kapuni, ambaye akitupia picha bila miwani ya jua tu, siku yake imeisha. Komenti ya kwanza: "Dada kabanwa na mlango." Ya pili inaweka picha ya chura. Ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, inatoka kwa mtu anayejiita mshauri wa afya: "Hiyo ni tezi dada, nicheki WhatsApp nikupe dawa."

Huyo dada ana macho hayo tangu yuko shule ya msingi. Picha ya darasa la nne aliiweka mwenyewe siku yake ya kuzaliwa: kakaa mstari wa mbele, soksi zimeshuka, macho ni yale yale. Mama yake anayo, bibi yake anayo. Huko Pwani, enzi za hao bibi, binti akiambiwa ana macho ya kungu alijua kasifiwa, na anayemsifia ana lake jambo. Leo mjukuu anaambiwa akapimwe.

Sayansi yake wala si ngumu. Jicho limekaa kwenye shimo la mfupa. Wapo waliozaliwa na shimo fupi, wapo ambao mfupa wa shavu umerudi nyuma kidogo, na wapo ambao jicho lenyewe ni refu, hasa wale wasioona mbali bila miwani. Kwa wote hao jicho linaonekana limekuja mbele, na hakuna kilichoharibika. Tena madaktari wana kifaa cha kupimia, kinaitwa Hertel, kinaonyesha jicho limetokeza milimita ngapi. Kwa wazungu, ukomo wa kawaida huchukuliwa kuwa kama milimita 21. Kwa watu weusi unafika 23 hata 24, kwa sababu ndivyo sura zilivyoumbwa. Kwa hiyo shabiki wa Sinza anayemcheka dada wa Sinza kwa macho kutokeza anampima kwa rula ya watu wengine. Na yeye mwenyewe akipimwa kwa rula hiyo, kuna uwezekano mzuri tu akaambiwa anaumwa.

Sasa upande wa pili, ambako mambo si ya kucheka hata kidogo.

Mwigizaji mmoja wa Bongo Muvi, naye jina kapuni, macho yake hayakuwa hivyo. Waliomfuatilia tangu enzi za CD wanalikumbuka lile jicho lake la kulegea. Ndani ya miezi michache jicho likaanza kukodoka, weupe ukaonekana juu ya mboni, na mwili ukapukutika. Watu wa udaku walishatoa hukumu kabla jogoo hajawika: kaingia kwenye unga. Wengine wakasema ana ngoma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu, kama mikono inamtetemeka akishika kikombe, kama anatokwa jasho wakati wenzake wamevaa sweta, kama anakula vizuri na bado anakonda. Hizo ndizo dalili za tezi ya shingoni, thairoidi, inapofanya kazi kupita kiasi. Watu wakachagua unga kwa sababu unga una stori tamu zaidi.

Ugonjwa unaosababisha hali hiyo mara nyingi unaitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili inageuka na kuichokoza tezi imwage homoni bila breki. Kinga hiyo hiyo inaweza kuvamia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Yakivimba, na shimo lenyewe ni mfupa usiotanuka, jicho halina pa kwenda isipokuwa mbele. Wanawake wanaupata mara kadhaa zaidi ya wanaume. Na mvutaji wa sigara akishaupata, macho yake yana hatari kubwa zaidi ya kuharibika. Shisha yenye tumbaku ni tumbaku tu, hata iwe na harufu ya embe.

Mastaa wa Marekani wamepita humo humo. Missy Elliott alisema hadharani mwaka 2011 kuwa ana Graves. Wendy Williams, aliyejenga jina kwa kuchambua maisha ya wenzake kwenye televisheni, mwaka 2018 ikabidi atangaze mapumziko ya wiki tatu na kuwaeleza watazamaji kuwa ni ugonjwa huo huo. Wao angalau walipewa nafasi ya kusema wenyewe. Huku kwetu mgonjwa hutangaziwa ugonjwa wake na watu wasiomjua, tena ugonjwa usio wake.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kurasa za umbea zina kila kitu cha kumsaidia huyo mwigizaji. Ile tabia ya kuchimbua picha za mtu za miaka kumi iliyopita na kuzipanga pembeni ya za leo ndiyo hasa anayoifanya daktari wa macho: anamwomba mgonjwa aje na picha za zamani. Macho yakiwa yale yale tangu utotoni, na hakuna dalili nyingine, hofu inapungua sana. Yakiwa yamebadilika, anatumwa maabara kupima homoni za tezi, kipimo cha damu ambacho hospitali nyingi kubwa za mjini zinacho. Picha zipo na mabadiliko yanaonekana, ila zinatumika kuvunia wafuasi.

Na wale wa komenti tamu nao wasijifiche. "Uko poa mama, jipende ulivyo, wenye wivu wajinyonge." Kwa yule wa Bongo Fleva maneno hayo ni sahihi. Kwa huyu wa Bongo Muvi ni kumsindikiza shimoni kwa makofi, maana jicho lililobadilika si la kupendwa lilivyo, ni la kupelekwa hospitali. Uvimbe ukiibana neva ya jicho, mtu anaanza kuona rangi zimefifia, baadaye anaweza kupoteza uwezo wa kuona moja kwa moja. Mapema kuna mengi ya kufanya.

Halafu kuna wauzaji. Huyu anauza matone ya kienyeji ya "kurudisha macho ndani", yule mafuta ya kukanda kope, na siku hizi kila kona ni mwani kwenye kopo, eti unasafisha tezi. Mwani una madini joto, na kiasi chake hakilingani kopo kwa kopo. Kwa tezi ambayo tayari imepagawa, kuimiminia madini joto ni kuwasha moto juu ya moto. Matone ndiyo usiseme: madaktari wa macho Tanzania kwa miaka mingi wamekuwa wakipokea watu waliounguza kioo cha jicho kwa dawa za kienyeji za kudondoshea. Hakuna tone wala kidonge kinachosogeza mfupa uliozaliwa nao.

Tiba zenyewe zipo, ila hazifanani na matangazo. Mwenye macho ya kuzaliwa hahitaji tiba. Kama kope hazifungi vizuri usiku na anaamka macho makavu yanawasha, machozi ya dukani na jeli ya usiku vinamtosha. Akitaka yaonekane madogo kwenye picha, mpambaji anayejua kazi atampaka rangi nzito isiyong'aa juu ya kope, basi. Mwenye Graves anapewa vidonge vya kutuliza tezi, kama kabimazoli, na kama anavuta anaambiwa aache. Macho yakichachamaa zaidi anapewa steroidi kwa dripu. Matibabu ya kuiunguza tezi kwa madini joto ya mionzi yanaweza kuzidisha tatizo la macho, kwa hiyo daktari ni lazima aambiwe habari za macho kabla. Marekani waliidhinisha dawa moja mpya Januari 2020, teprotumumabu, dripu 8 kila baada ya wiki tatu. Gharama yake kule ni mamia ya maelfu ya dola, na inaweza kuharibu usikivu.

Upasuaji upo pia: sehemu ya mfupa au mafuta ya kwenye shimo huondolewa ili jicho lipate nafasi ya kurudi. Kwa kawaida madaktari husubiri ugonjwa utulie kwanza, isipokuwa neva ikiwa hatarini. Baada yake mtu anaweza kubaki anaona vitu viwili viwili, na mara chache kupofuka. Kumshauri binti mwenye macho mazima akafanyiwe hivyo "ili awe pisi zaidi" ni ukatili uliovaa lipstiki.

Kuna jambo lisilosubiri miadi: jicho MOJA likitokeza peke yake, hasa kwa ghafla, likiwa jekundu, linauma na mtu ana homa. Hayo yanaweza kuwa maambukizi au uvimbe nyuma ya jicho. Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe kwenye picha ya flashi naye apelekwe bila kuchelewa, maana saratani ya jicho ya watoto hujitokeza hivyo. Idara za macho za Muhimbili, CCBRT na KCMC zina wataalamu wa kumwangalia.

Yule mwigizaji siku hizi anavaa miwani myeusi hata usiku kwenye uzinduzi wa filamu. Wiki hii kaweka picha akiwa ameshika maua, anacheka. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote inauliza jana alikuwa kijiwe gani. Inayoifuata ni ya muuza mwani, na namba ya simu.