Historia ya Malindi kwa Kiswahili: Ni Wajibu wa Nani?

Miji ya Waswahili ina desturi kongwe ya kujiandikia habari zake. Kilwa ina tarehe yake, Pate ina yake, Mombasa vilevile, na Lamu ina habari zilizoandikwa na Shaibu Faraji, zikachapishwa mwaka 1938. Kazi hizi ni miongoni mwa nguzo za nathari ya Kiswahili, nasi huzisoma darasani kwa fahari. Malindi, iliyo kati ya Lamu na Mombasa, hutajwa katika habari za majirani zake kama rafiki, hasimu au nchi iliyotekwa. Swali la makala haya ni jepesi kuuliza na zito kujibu: ni nani aliyeiandikia Malindi kitabu chake, na kwa lugha gani?

Si kweli kwamba Malindi haijaandikwa. Mwaka 1973 Esmond Bradley Martin alichapisha historia yake tangu zama za Wareno. James Kirkman, aliyefukua magofu ya Gede kuanzia mwaka 1948, ameacha maandishi mengi kuhusu mji ule. Frederick Cooper ameeleza mashamba ya watumwa ya Malindi katika kitabu chake cha mwaka 1977; Cynthia Brantley akasimulia upinzani wa Wagiriama mwaka 1981; na mwaka 2009 Janet McIntosh akatoa utafiti wake kuhusu Waswahili na Wagiriama wa Malindi. Hizi ni kazi zenye uzito, wala hatukusudii kuzibeza. Lakini zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na makao yake ni maktaba za vyuo vikuu. Bibi wa Ganda au mvuvi wa Mayungu, ambaye habari za wazee wake ndizo zilizojaza kurasa hizo, hana njia ya kuzifikia.

Hata hivyo, njia ilikwisha kufunguliwa zamani. Mwaka 1949 Ronald Ngala, mwalimu ambaye baadaye alikuwa kiongozi mashuhuri wa siasa za Pwani, alichapisha kitabu kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Mwaka 1953 William Frank akafuata na Habari na Desturi za Waribe. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba wenyeji hawa waliandika kwa Kiswahili. Wangeweza kuchagua lugha zao za mama wakasomwa nyumbani pekee, au Kiingereza wakasomwa na watawala. Walichagua lugha ambayo Mgiriama, Mbajuni, Mpokomo na Mwarabu wote wangeisoma. Inasikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya kwanza ya Kiswahili bila kusikia vitabu hivi vikitajwa.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Wengi watajibu kwamba ni fahari ya lugha. Maoni yetu ni kwamba fahari si sababu ya kutosha. Sababu kubwa zaidi ni haki ya kukanusha. Kitabu kikiandikwa kwa lugha wanayoisoma wanaotajwa humo, wao huweza kusema: hapa umekosea, mzee huyu hakuwa wa ukoo huo, shamba lile halikuwa la fulani. Kikiandikwa kwa lugha nyingine, hubakia kuwa mazungumzo ya wageni juu ya wenyeji, hata kama mwandishi ni mwenyeji.

Na Malindi ina mengi ya kubishaniwa. Mwishoni mwa karne ya 16 mtawala wake alihamia Mombasa chini ya kivuli cha Wareno, na mji ukadidimia hadi ukawa magofu. Katika miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid wa Unguja, ukafufuliwa kwa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1907. Mwaka mmoja baadaye, serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya hati za ardhi za Pwani. Wenye makaratasi walipata hati. Wagiriama na waliokuwa watumwa, ambao haki yao ilikaa katika kumbukumbu za wazee, wengi wao wakaitwa maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Basi nani alikaa wapi, na tangu lini, si swali la mapambo katika nchi hii. Katika eneo ambalo karatasi ilishinda kumbukumbu, kuacha kumbukumbu bila karatasi ni kurudia hasara ileile.

Aidha, mambo yanayosimuliwa mno kuhusu Malindi ni yale yanayompendeza mtalii: Vasco da Gama kufika mwaka 1498 na ile nguzo ya Wareno, twiga aliyepelekwa Uchina mwaka 1415, na Hemingway kuja kuvua samaki mwaka 1934. Mekatilili wa Menza, aliyehamishiwa Kisii kwa kuwahimiza Wagiriama wakatae amri za Waingereza, kisha akatoroka na kurudi kwao mwaka 1914, ameanza kupewa nafasi yake. Lakini ni wangapi wetu wanaojua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kituo cha Waitalia cha San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru? Wataalamu wa nyota wa dunia nzima wanalijua jina hilo. Wavuvi wa Ngomeni waliionaje siku ile? Walioishuhudia wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana, nao hawatangoja tumalize mijadala yetu ya istilahi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya wanahistoria. Hoja hii haina mashiko. Tarehe na habari ni tanzu za nathari yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, husomwa na wanafasihi na wanahistoria vilevile. Wengine watasema kwamba wachapishaji hutafuta vitabu vya shule tu. Hilo ni kweli kwa kiasi kikubwa, lakini tarehe za kale zilinakiliwa kwa mkono na zikadumu. Nakala ishirini zilizochapwa kwa kompyuta na kugawiwa shule na maktaba za mji ni mwanzo wa kutosha.

Tahadhari moja ni muhimu. Kuandika kwa Kiswahili hakutoshi kuleta haki. Tarehe nyingi za kale ni habari za watawala na koo zao. Mjakazi na mkulima hawana sauti humo. Kitabu cha Malindi kitakachoanzia na kuishia katika nyumba za mawe za Shela kitakuwa kimeirithi kasoro hiyo. Sharti Maweni isikike, na Ganda, na Mambrui, na Gede ya wanaoishi nje ya ukuta wa magofu yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024.

Tunapendekeza basi mambo mawili. Kwanza, idara zetu zikubali ukusanyaji na uhariri wa habari za mji kuwa tasnifu halali ya uzamili, sawa na uhakiki wa riwaya. Pili, kila mwanachama wa chama hiki anayetoka Pwani atumie likizo moja kuandika habari za mtaa mmoja, kisha awasomee waliomsimulia kabla ya kumpelekea mhadhiri. Hatua hii ya mwisho isirukwe, kwa maana hapo ndipo mwandishi atakapoambiwa alipokosea.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kiswahili ndicho mbacha wetu. Ngala na Frank waliutandika kitambo. Tulio na shahada hatuna udhuru wa kubaki tumesimama.