MEYA WETU NI NANI?



Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa chini ya mwembe nje ya karakana, saa ya chakula cha mchana. Kijana mmoja aliyeandikwa kazi juzi akauliza, "Jamani, Meya wa Kisumu siku hizi ni nani?" Tukatazamana. Mmoja wetu akasema ni Gavana. Mwingine akamkatiza, akasema Gavana ni wa kaunti nzima, na watu wa Nyakach na Seme nao ni wake, hivyo hawezi kuitwa Meya wa mji. Wa tatu akataja mwakilishi wa wadi yake. Palikuwa na mzee mmoja mstaafu aliyekuja kuulizia pensheni yake, naye akasema, "Mimi namjua mmoja tu. Mama Grace."

Tulicheka, kwa sababu Mama Grace Onyango alifariki mwaka 2023, naye alikuwa ameacha kiti hicho zamani sana kabla wengi wetu hatujazaliwa. Lakini tuliporudi kazini kicheko kilikwisha. Watu wazima saba, walipa kodi, wanaoishi katika mji wenye watu karibu 400,000, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtaja mkubwa wa mji ila marehemu. Jambo hili limetusumbua, ndiyo sababu twaandika.

Kwa vijana wasiojua, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Meya wa Kisumu alifariki dunia akiwa kazini. Madiwani wakakaa kumchagua mwingine, wakamchagua mwenzao Bibi Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu kwa kazi yake. Akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuvaa mkufu wa umeya katika Kenya. Nairobi wenyewe, pamoja na majumba yao marefu, walimpata Meya mwanamke Mwafrika miaka mitano baadaye, mwaka 1970, naye alikuwa binti wa Rais. Hatusemi hivyo kwa kumdharau Bibi Margaret Kenyatta. Twasema tu kwamba huyu wetu alitoka darasani na chaki mkononi.

Ili kujua kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa, lazima turudi nyuma, na sisi watu wa reli hatuna budi kuanza na reli.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani hapa Desemba 1901. Ilikuwa njia ya maili zaidi ya 570, iliyopanda Mau hadi futi zaidi ya 8,000 kisha ikashuka kwa madaraja mpaka maji. Kwa kazi hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi karibu 32,000. Waliokufa katika hao walikuwa karibu 2,500, na wengine maelfu walirudi kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Waafrika waliobeba mawe, maji na mataruma hawakuhesabiwa vizuri hivyo. Hata kabla ya reli kufika, meli ya kwanza ya moshi ya ziwa hili, William Mackinnon, ililetwa vipande vipande kutoka pwani, na vipande vingi vilipanda vichwani na mabegani mwa wapagazi. Iliungwa hapa na kushushwa majini mwaka 1900.

Sasa tazameni jina walilopewa mji. Uliitwa Port Florence, kwa jina la mke wa injinia aliyesimamia kutandika reli. Bibi huyo hatuna ugomvi naye. Alikaa katika hema porini miaka mingi pamoja na mumewe, na si kila mtu angeweza. Lakini mahali hapa palikuwa na jina. Wazee watuambia kwamba Kisumu ni mahali pa kuja kutafuta chakula, pa kubadilishana vitu wakati wa njaa. Watu walikuja na ng'ombe au samaki au vyungu, wakarudi na nafaka. Soko lilikuwapo kabla ya stesheni. Bahati nzuri jina la soko ndilo lililoshinda.

Tena reli haikupita katika nchi tupu. Wanandi waling'oa nyaya za simu na boliti za reli miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905 alipokuwa ameitwa kwa maneno ya amani. Baada ya hapo watu wake walisukumwa mbali na njia ya reli. Sisi tunaopita na kitoroli sehemu za Muhoroni na Kibigori twafanya kazi juu ya habari hiyo kila siku, na si wengi wanaoifahamu.

Basi mji ulianza kwa amri. Wakubwa wake walishuka garimoshi wakiwa wameteuliwa tayari. Wakajitengea Milimani kwenye upepo wa ziwa, Wahindi wakapewa sehemu ya maduka, na Mwafrika akaambiwa akae upande wake, karibu kidogo aweze kufika kazini kengele ikilia, na mbali kidogo asionekane jioni. Katika halmashauri ya mji Wazungu na Wahindi ndio waliokuwa na sauti miaka mingi. Mfanyakazi wa gati alipangishwa chumba, akakatwa kodi, akahukumiwa kwa sheria ndogo za mji, na hakuna siku aliyoulizwa ni nani awe mkubwa.

Kwa hiyo ilipofika 1965, na kiti kilekile akakikalia mwalimu wa kike aliyechaguliwa na madiwani waliochaguliwa na watu, haikuwa sherehe ya mkufu tu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mama muuza samaki kusema, "Yule pale ni mtu kama mimi, nami naweza kumwendea." Mwaka uliofuata, 1966, meli ya kuchukua mabehewa, MV Uhuru, ilishushwa majini hapa hapa. Wazee wa gati bado wanazitaja habari hizo mbili pamoja, kana kwamba zilikuwa habari moja.

Siku nyeusi nazo zilikuja. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mpya ya mkoa, ambayo mpaka leo twaiita Russia, pakatokea fujo, na askari wakafyatulia watu risasi. Walikufa watu wengi, na watoto walikuwamo. Chama cha upinzani, KPU, kikapigwa marufuku siku chache baadaye. Mji ukawa kama nyumba yenye matanga. Majuma sita tu baada ya siku hiyo, katika uchaguzi wa Desemba 1969, watu wa mji huu walimpeleka Bungeni Mama Grace, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Mbunge katika Kenya huru. Walikuwa na huzuni na hasira, na bado walijua ni nani wa kumtuma. Walimjua kwa sababu walikuwa wamemwona kwenye kiti cha umeya akifanya kazi mbele ya macho yao.

Hii ndiyo faida ya Meya ambayo haiandikwi katika vitabu vya sheria. Mji unajifunza kumtambua mtu wake.

Tusidanganyane lakini. Hatutaki kusema kwamba mabaraza ya zamani yalikuwa ya malaika. Meya hakuchaguliwa na raia moja kwa moja. Madiwani walimchagua wao kwa wao, na kila aliyekaa mjini anajua usiku wa kuamkia kura hiyo ulikuwaje, nani alifichwa hoteli gani na nani alibadili chama kabla ya alfajiri. Viwanja vya watu wote viligeuka kuwa vya watu wachache. Wafanyakazi wa mabaraza walikaa miezi bila mshahara. Tena Serikali kuu nayo iliyakata miguu mabaraza haya, kwa kuondoa katika miaka ya 1970 kodi ya kichwa iliyokuwa mfuko wao mkubwa, kisha ikayalaumu kwamba hayatembei. Kwa hiyo Katiba ya 2010 ilipokuja, na umeya ukafutwa baada ya uchaguzi wa 2013, wengi wetu tulipiga makofi. Tulidhani tunatupa maji machafu. Hatukuangalia kama mtoto yumo ndani ya beseni.

Sasa sheria inasema mji kama Kisumu unaongozwa na bodi na meneja. Meneja anaajiriwa. Wajumbe wa bodi wanateuliwa, hata wale wanaoletwa na vyama vya watu. Yawezekana ni watu wazuri na wenye elimu kuliko madiwani wa zamani, hilo hatubishi. Lakini mfanyakazi hana kura juu yao. Akiudhika hana siku ya kungoja. Twaona ya kuwa tumezunguka tukarudi kwenye desturi ile ya 1901, mkubwa wa mji kushuka akiwa ameteuliwa tayari, ila safari hii haji kwa garimoshi.

Tutoe mfano wetu. Nyuma ya nyumba tunazokaa baadhi yetu pana mfereji ulioziba. Mvua ikinyesha, maji meusi yanaingia mlangoni, na mtoto wa mwenzetu alilazwa kwa ugonjwa wa tumbo. Tuliandika barua. Ofisi ya kwanza ikasema mfereji si wao, ni wa ofisi nyingine. Ofisi ya pili ikasema ni wao kwa upande wa chini ya barabara tu. Ya tatu ilipokea barua, ikagonga muhuri, ikatupa nakala, na nakala hiyo tunayo mpaka leo. Mwishowe tulichanga, tukanunua sepetu mbili na buti, tukazibua wenyewe siku ya Jumapili baada ya ibada. Hatulaumu karani yeyote. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye angeona haya mfereji ule kubaki vile, kwa kuwa atarudi kuomba kura yetu.

Wengine watasema, mnaye mwakilishi wa wadi na mnaye Gavana, mwataka wakubwa wangapi? Swali ni la haki, maana mishahara ya wakubwa inatoka mifukoni mwetu. Jibu letu ni kwamba wadi ni ndogo kuliko mji, na kaunti ni kubwa kuliko mji. Gavana lazima agawanye macho yake kati ya mashamba ya miwa, mpunga wa Ahero, wavuvi na barabara za vijijini. Mji una taabu zake zenyewe: maji taka, vyumba vya kupanga, masoko, vibanda vinavyovunjwa usiku, na ardhi ya reli ambayo kila mtu anaitolea macho. Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani zimeuzunguka mji kama mshipi, na huko ndiko anakolala mtu anayeufanya mji uamke.

Wala jambo hili si la Kisumu peke yake. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Angalieni ramani. Miji yote mitatu iko kwenye reli. Wanachama wetu wamo katika yote mitatu, na katika yote mitatu kijana akiuliza chini ya mwembe Meya ni nani, atapata kicheko.

Kisumu wenyewe walitangaziwa jiji mwaka 2001, mwaka wa kutimiza miaka mia tangu reli kufika. Palikuwa na ngoma na hotuba. Sisi watu wa reli twapaswa kufurahi kuona siku ya kuzaliwa ya mji ikihesabiwa kwa kazi yetu, lakini kwa kweli hesabu hiyo hatuipendi. Ni hesabu ya Port Florence. Inaliruka soko la wazee, na inawaruka waliochukua meli vichwani. Tungepewa kuchagua, tungeweka siku nyingine kando yake, ile ya 1965.

Basi, tunachotaka ni mambo mawili. La kwanza ni la leo. Sheria ya miji ya 2011 inataka pawe na mikutano ya wananchi ambapo wakaaji wa mji wanauliza na kujibiwa juu ya huduma zao. Mikutano hiyo ikiitwa, twende, tena twende kama chama, si mmoja mmoja, na tuulize maswali yaandikwe. Isipoitwa, tuandike barua kuuliza kwa nini. La pili litachukua muda. Twataka chama chetu kipeleke kwa shirikisho la vyama, na kwa Wabunge, ombi kwamba sheria ibadilishwe ili kila jiji liwe na mkubwa anayepigiwa kura na wakaaji wenyewe, moja kwa moja, bila kupitia kwa madiwani na bila usiku wa hoteli. Aitwe Meya au aitwe jina lingine, kwetu ni mamoja. Mshahara wake uwe mdogo, na hesabu zake zibandikwe ukutani sokoni.

Ombi hilo limekwisha kuandikwa kwa mkono, kurasa mbili, na liko kwa katibu wa tawi. Litasomwa katika mkutano wa tawi ujao kabla ya habari za pensheni. Mzee wetu mstaafu amesema atakuja, na ameomba jina lake liwe la kwanza. Nasi tumemwachia nafasi juu.