Watoto wetu wasiachwe bila mafundisho ya dini

Bwana Mhariri,

Inaniuma kuona kwamba tangu vita vilivyoanza 2017 vitutoe vijijini, ibada za watu wazima zinaendelea, lakini hapa Minembwe tunapoishi ekodimu, yaani shule ya Jumapili ya watoto, imekufa.

Wengine husema mtoto aachwe, akikua atachagua mwenyewe. Kweli, wazee wetu wengi wa milima ya Itombwe waliamini wakiwa watu wazima. Lakini imani ilidumu kwa sababu waliwafundisha watoto wao nyimbo na sala. Leo hali ni tofauti: juzi, bugali ikiwa mbele yetu, mjukuu wangu aliniuliza nikifumba macho ninaongea na nani.

Wachungaji, fungueni ekodimu, hata chini ya mti. Wasomaji, kwenu watoto wanafundishwa na nani? Nijibuni.

Msomaji wenu,
Minembwe, Fizi