Hesabu ya Shashi na Programu za Hospitali

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 humtaka muuguzi, kabla mgonjwa hajatolewa katika chumba cha upasuaji, athibitishe kwa sauti kwamba vifaa, shashi na sindano vimehesabiwa. Upasuaji ukiingia misukosuko, hesabu haisamehewi. Siku kama hiyo ndiyo shashi husahaulika tumboni.

Programu zinazotunza majalada ya wagonjwa zinastahili nidhamu iyo hiyo. Daktari anapofungua jalada, programu huazima muunganisho mmoja wa hifadhidata. Miunganisho hiyo ina idadi maalumu, tuseme 20. Kazi ikienda vema, hurudishwa. Mtandao ukikatika katikati, programu iliyoandikwa kwa pupa huruka hadi kwenye ujumbe wa hitilafu, na agizo la kurudisha, lililowekwa mwishoni, halifikiwi kamwe. Muunganisho mmoja umepotea na hakuna aliyetambua. Ukipotea wa 20, mfumo mzima husimama, pengine saa nne asubuhi, foleni ya kliniki ikiwa imefika uani. Mgonjwa huambiwa mtandao hakuna, jambo ambalo saa hiyo si kweli. Fundi huizima seva na kuiwasha, kazi huendelea, naye hushukuriwa. Shukrani hizo ni za mapema: kasoro ingali pale pale, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imefutika.

Tiba yake si siri. Java, lugha iliyotumika kuandika OpenMRS na DHIS2, mifumo inayofahamika vyema Afrika Mashariki, tangu toleo la 7 la mwaka 2011 ina utaratibu wa kurudisha chenyewe kilichoazimwa, kazi ifaulu isifaulu. Mwandishi wa programu anapaswa tu kuutumia.

Hata hivyo, kufunga si kukamilisha. Dawa ikipunguzwa katika hesabu ya stoo, kisha hitilafu ikatokea kabla dozi haijaandikwa katika jalada, programu yaweza kufunga kila kitu kwa adabu na kuacha uongo ndani. Hatua hizo mbili sharti zihifadhiwe zote au zifutwe zote, na muuguzi aambiwe waziwazi kwamba hakuna kilichohifadhiwa, asije mwenzake wa zamu ya usiku akatoa dozi ya pili.

Kamati za ununuzi hupenda kuonyeshwa ripoti zenye rangi. Ziombe pia kwamba, kwa majalada ya majaribio, waya wa mtandao uchomolewe wakati dawa inahifadhiwa, mara nyingi kuliko idadi ya miunganisho, kisha daktari mmoja ajaribu kufungua jalada.